Hodhi la Tani Moja

Mume wangu alipoleta picha ya hodhi la maji moto la watu wanne, watoto waliruka kwa furaha. Alitaka liwekwe kwenye baraza yetu ya mbao nyuma ya nyumba, mama yake ajikande magoti yanayomsumbua.

Tulizunguka maduka ya Nairobi tukilinganisha. Lile la plastiki la kujazwa upepo ni nafuu na huhamishika, lakini hupoa upesi. Lile gumu la faibaglasi lenye kifuniko kizito hutunza joto, ila bei yake ilinikumbusha karo.

Usiku nikashika kalamu. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Lita 1,000 ni tani nzima, kabla ya hodhi lenyewe na watu! Kuyapasha kutoka nyuzi 15 hadi 38 hula karibu yuniti 27 za umeme. Na sisi maji tunapata kwa mgao.

Nilipomwonyesha hesabu, alininunia siku mbili akidhani namnyima mama yake. Siku ya tatu fundi alichungulia chini ya baraza, akakuta nguzo mbili zimeliwa na mchwa.

"Mama, hapa hata dansi msicheze," akasema.

Pesa zile zilinunua nguzo mpya. Mama mkwe alipokuja, mwanawe mwenyewe alimkanda kwa kitambaa na maji ya sufuria.

Msomaji, kabla ya kuuliza bei, uliza sakafu yako itabeba nini.