Barua mbili, kiti kimoja

Wandugu, niko na barua mbili za kusomea udaktari: moja ya Gulu, nyingine ya Mbarara. Hapa Lobule, Koboko, watu wanasema nina bahati. Lakini usiku silali. Mbarara ni mbali, mpaka upite Kampala. Gulu unavuka Nile pale Pakwach, unafika siku hiyo hiyo. Kote ni miaka 5, na ada sina.

Juzi Arua nilikutana na rafiki aliyekosa nafasi. Akaniuliza, "We mmoja utakalia viti viwili?" Nikanyamaza.

Leo nimeandikia Mbarara kwamba siji. Mama akasema, "Sasa mwanangu, tutafute ada." Anayejua DAFI wanafungua lini, tafadhali aniambie.