Huyu Alikuwa Mtoto wa Nani?

Nilijua kwamba Grey Owl alikuwa Mwingereza. Nilijua tangu mwanzo, na sikusema.

Kosa lenyewe nililifanya kwa Kiswahili, kwa hiyo naliungama kwa Kiswahili. Hapa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, wapo Wakongo wengi waliotoka Kivu, wakaishi miaka mingi katika kambi za Tanzania na Burundi, kisha wakapata makazi huku. Kila kiangazi chama kimoja cha kupokea wageni hukodi basi na kuwapeleka Hifadhi ya Taifa ya Riding Mountain, mwendo wa saa tatu hivi, wakaone ziwa la Clear Lake na misitu inayolizunguka. Mimi nilikuwa mkalimani. Baadaye nikawa msimulizi, kwa kupenda mwenyewe, maana niliona watu wanachoka kusikiliza habari za vibali vya uvuvi na namna ya kujihadhari na dubu. Nikaandika na kijitabu chembamba cha Kiswahili, kikapigwa chapa, kikawa kinagawiwa ndani ya basi.

Katika kijitabu hicho nilimweleza Grey Owl hivi: mwenyeji asilia, mtegaji hodari aliyeishi kwa kuua biva, wanyama wa mtoni wanaokata miti kwa meno na kujenga mabwawa, na kuuza ngozi zao, ambaye siku moja alikuta vitoto viwili vya biva vilivyoachwa yatima baada ya mama yao kunaswa, akavilea, akaacha kutega, akaandika vitabu vilivyosomwa dunia nzima, mpaka serikali ikampa nyumba na mshahara ndani ya hifadhi ili awalinde wanyama aliokuwa akiwaua. Mwaka 1931 aliletwa hapahapa Riding Mountain. Ukiyaondoa yale maneno mawili ya mwanzo, hayo mengine yalitokea.

Jina lake halisi ni Archibald Belaney. Alizaliwa mwaka 1888 Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, akalelewa na shangazi zake wawili. Alivuka bahari mwaka 1906 akiwa bado kijana mdogo, akafika Temagami katika jimbo la Ontario, na mwaka 1910 akamwoa Angele Egwuna, mwanamke wa Kiojibwe, mwenyeji asilia wa huko. Ni kwa watu wa mke wake alikojifunza lugha, mtumbwi na mitego. Baadaye akawa anasema baba yake ni Mskoti na mama yake ni Mwapache, mmoja wa wenyeji asilia wa Amerika. Nywele alizipaka rangi nyeusi na ngozi akaikoza kwa hina. Alikwenda Uingereza kuhutubia mara mbili, akiwa amevaa ngozi ya paa na nywele kasuka, na kumbi zikajaa. Mwezi Desemba 1937 alizungumza katika kasri la Buckingham mbele ya Mfalme George wa Sita na binti zake. Alifariki Aprili 1938 akiwa na miaka 49. Hapo ndipo gazeti la North Bay Nugget lilipochapa ukweli wa kuzaliwa kwake, ukweli ambao lilikuwa nao tangu 1935.

Hayo yote niliyasoma kabla sijaandika sentensi hata moja ya kijitabu. Niliyaacha kwa makusudi.

Nieleze ilivyokuwa, maana anayewasimulia watu jambo lolote anaweza kufika pale nilipofika. Kwa watu wa Kivu neno hifadhi si neno la kupumzikia. Ni askari wenye bunduki, ni kuni ulizokatazwa kuokota mahali ambapo babu yako aliokota, ni ndugu aliyekwenda kutega panya wa msituni akarudi na majeraha au asirudi kabisa. Nilitaka watu hawa walione ziwa hili bila woga, na nikafikiri kwamba wakisikia habari ya mwindaji mwenyeji aliyebadilika kwa moyo wake, bila kusukumwa na mzungu, watayapokea maneno yake kama ya mtu wao. Archie wa Hastings angeiharibu hoja yangu. Sentensi moja tu ya kusema kwamba alijifanya ingezaa maswali, maswali yangekula muda, na basi lina saa yake ya kuondoka. Nikajiambia nitaieleza siku nyingine, wakiwepo watu wazima peke yao. Siku hiyo sikuitafuta. Kila watoto walipopiga makofi, na kila mama aliponishukuru, ile sentensi ilizidi kuwa nzito kuitamka.

Basi ikawa siku moja tumekaa kando ya Clear Lake, chai imeshamiminwa, sambusa zinazunguka. Nilikuwa nimetoka kuwaonyesha watoto kisiki cha mti uliokatwa na biva, kimechongoka kama penseli, alama za meno zinaonekana moja moja, na vibanzi vyeupe vimelala chini bado vina unyevu. Nikasimulia kama kawaida. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyezaliwa kandokando ya mlima Kahuzi, huko Kivu, akaweka kikombe chake chini.

“Mwalimu, huyu muntu, serikali ilimupa nyumba ndani ya parke?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na mushahara?”

“Na mshahara.”

“Na alikuwa muntu wa hapa. Wa pori hii.”

Nikasema ndiyo.

“Kwetu pori ilikuwa ya Watwa,” akasema. “Parke ilipokuja waliwafukuza wote. Hakuna hata mumoja alipewa nyumba. Huyu wako alikuwa mutoto wa nani?”

Nafasi ilikuwa wazi. Mtu mzima, mwenye heshima zake, ameniuliza swali ambalo kwetu sote huulizwa kabla mtu hajapewa hata kiti. Nikajibu kwamba baba yake alikuwa Mskoti na mama yake Mwapache.

Nilisikia sauti yangu ikilisema jibu hilo, na nikatambua ni jibu la Belaney mwenyewe, lilelile alilowapa waandishi na wachapishaji wake. Mpaka hapo nilikuwa nikijihesabu kuwa mtu aliyefupisha hadithi. Sikuwa nimefupisha kitu. Nilidanganya, na nilimdanganya mtu aliyekuwa ameshika ncha ya ukweli mkononi bila kitabu chochote.

Mzee hakubishana. Akauliza tena kwa upole: “Na wale wengine wa pori hii, walienda wapi?”

Hilo sikulijua kabisa. Nilikuwa nimesimama kwenye ufuko ule mara nyingi, nikisimulia habari za mwenyeji wa bandia, na sikuwahi kuuliza wenyeji wa kweli walikuwa nani.

Niliporudi nyumbani nikatafuta. Ni Waojibwe wa jamii ya Keeseekoowenin. Upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa hilihili walikuwa na ardhi waliyotengewa rasmi na serikali mwaka 1896, mahali pao pa kuvulia samaki. Hifadhi ya taifa ikatangazwa mwaka 1930. Mwaka 1936 wakaondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikurudishwa kwao mpaka 1994. Hebu ziweke tarehe hizo pamoja: mwaka 1931 idara ya hifadhi inamlipa Mwingereza aliyejipaka hina akae Riding Mountain na biva wake, inampiga picha za filamu, inamwonyesha kwa watalii kama mwana wa msitu. Hakukaa sana, maji ya ziwa lake dogo yalipungua kwa ukame, akahamishiwa Hifadhi ya Prince Albert katika jimbo la Saskatchewan, na huko ndiko alikozikwa. Miaka mitano baada ya kuletwa kwake, wana wa msitu wenyewe wanatolewa katika hifadhi ileile na mapaa yao yanateketezwa.

Mzee aliyafikia hayo kwa hesabu ya Kahuzi. Alijua serikali haimpi mtu wa pori nyumba ndani ya hifadhi, kwa hiyo huyo aliyepewa lazima alikuwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa na vitabu, na nilikuwa nimeona ukweli wa Belaney kuwa jambo la rangi ya ngozi tu, siri ya zamani ya mtu mmoja aliyekwisha kufa. Kumbe sentensi niliyoiruka ndiyo iliyoshikilia habari ya kijiji kizima. Ukiamini kwamba yule aliyeko kwenye picha ni mwenyeji, unaamini pia kwamba wenyeji walikaribishwa, na huna sababu ya kuuliza nani alichomewa nyumba.

Gharama ilikuja kwa wengine kwanza. Binti mmoja wa shule ya msingi alikichukua kijitabu changu akamweleza Grey Owl mbele ya darasa. Mwanafunzi mwenzake, ambaye ni Mwojibwe, akasema huyo hakuwa mtu wao. Mwalimu akathibitisha. Binti alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba vitabu vya Kiswahili vinadanganya, na kwamba kuanzia sasa atasoma vya Kiingereza tu. Nimeandika kwa Kiswahili karibu maisha yangu yote, na sina jibu la kumpa mtoto huyo, kwa sababu kitabu alichokishika kilidanganya kweli.

Mzee naye hakupanda basi kiangazi kilichofuata. Tukikutana kanisani alinisalimu vizuri, akaniulizia watoto, lakini hakuniuliza tena jambo lolote la kujifunza.

Nilikwenda kwa yule binti, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Nikamwendea na mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua palepale kando ya ziwa, kwa jinsi nilivyojibu haraka.

Wapo walioniambia baada ya hapo kwamba nimtupe Belaney na biva wake. Sikukubali, na bado sikubali. Biva walikuwa wameuawa kwa ajili ya kofia za Ulaya kwa zaidi ya miaka mia mbili, mpaka katika sehemu nyingi mtu angeweza kutembea siku nzima kandokando ya mito asikute bwawa hata moja, na mtu huyu alisimama akasema basi, wakati ambapo wengi hawakutaka kusikia. Mwaka 1937 BBC ilimtaka aondoe katika mazungumzo yake ya watoto maneno dhidi ya uwindaji wa mbweha kwa mbwa na farasi. Alikataa, na kipindi kikafutwa. Kuhusu wanyama hakurudi nyuma hata neno moja. Ndiyo maana uongo wake kuhusu watu unaniuma zaidi, kwa kuwa ulikuwa wa mtu aliyekuwa na ujasiri wa kutosha kusema kweli.

Na yupo mtu mwingine niliyemfuta katika kijitabu changu, safari hii hata bila kujitetea kwa sababu yoyote. Nimeandika pale juu kwamba Grey Owl alikuta vitoto viwili vya biva akavilea. Aliyevitetea ni Anahareo, mke wake aliyekuja baada ya Angele, mwanamke wa ukoo wa Wamohawk na Waalgonquin. Yeye ndiye aliyechoka kuwaona wanyama wakiteseka mitegoni, yeye ndiye aliyemsihi asiviue, na Belaney aliviona kwanza kama ngozi mbili ndogo. Anahareo alizaa naye binti, na hakujua kwamba mume wake alizaliwa Hastings mpaka mume huyo alipokufa. Mwaka 1972 alitoa kitabu chake mwenyewe kuhusu maisha yao, na kabla ya kufariki mwaka 1986 Kanada ilimpa nishani yake ya heshima. Kama nilikuwa natafuta mwenyeji aliyeyapa kisogo maisha ya mwindaji akasema hapana, alikuwepo tangu ukurasa wa kwanza, na hakuhitaji hina. Sikumwona kwa sababu nilikuwa namtazama mwanamume aliyesimama mbele ya kamera.

Kijitabu kipya kimeshaandikwa. Kinaanza na Anahareo, kinaeleza Belaney alikuwa nani na alifanya nini, na kina kurasa mbili za mwaka 1936. Kurasa hizo nimeomba zisomwe kwanza na mtu wa Keeseekoowenin, na mpaka arudishe jibu hakitapigwa chapa, hata kama kiangazi kitapita. Cha zamani bado kimo majumbani mwa watu, hapa Winnipeg na nasikia hata kambini Nyarugusu, Tanzania, kwa kuwa watu huwatumia ndugu zao. Ukikiona, fungua ukurasa wa pili, yakate kwa kalamu yale maneno “mwenyeji asilia”, na juu yake uandike: Mwingereza wa Hastings.