Nimefika Ulaya bila pasi

Mkiniona nadunda msishangae, nimetoka Ulaya. Viza sikuomba na pasi sina. Ulaya yangu iko wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Unapanda basi la Iringa, unashuka Mikumi mjini, halafu unadandia gari la kwenda Kilosa. Kuna Ulaya Kibaoni na Ulaya Mbuyuni, hivyo ukitamba kijiweni kwamba umezunguka Ulaya, nani akubishie?

Ila leo stori yangu ni mguu wa dereva. Nilipata siti ya mbele, mshale wa spidi nikawa nauona laivu. Mabasi siku hizi LATRA wanayafuatilia kwa mitambo, kwa hiyo kutoka Moro suka aliganda kwenye themanini na kitu. Tukapita Doma, tukaingia Hifadhi ya Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua katikati kwa kilometa kama 50. Kibao kinasema mwisho 70 mchana, 50 usiku. Kuna na bango la bei za wanyama kwa wanaogonga: twiga peke yake dola 15,000. Jamaa wa nyuma yangu akasema kwa hela hiyo bora ugonge ghorofa.

Unadhani mshale ulishuka? Ulishuka, lakini kiduchu. Lilipotokea tuta ndipo breki zikashikwa kweli, abiria tukainama kama tunaswali. Tuta likiisha, mguu chini tena. Mara lori la mbele likawasha taa, ishara ya kwamba kuna trafiki. Loo! Basi likatulia kama bibi harusi. Trafiki alipobaki nyuma, harusi ikavunjika.

Mikumi, wakati watu wanashambulia chipsi, nikamfuata. "Kaka, kile kibao cha sabini vipi?"

Akacheka. "Dogo, kibao hakipigi tochi. Tuta linavunja springi."

Nikakaa nikapiga hesabu. Kilometa 50 kwa spidi 70 ni dakika 43. Kwa 85 ni dakika 35. Ameokoa dakika nane, na pale kwenye chipsi tulikaa zaidi ya hizo. Halafu gari la 85 likifunga breki linahitaji karibu mara moja na nusu ya nafasi ya lile la 70 mpaka lisimame. Nyani haelewi hesabu hiyo, na abiria aliyelala siti ya dirishani haijui.

Tusijione washamba peke yetu. Marekani waliweka kikomo cha maili 55, yaani kama kilometa 88, mwaka 1974 mafuta yalipoadimika. Madereva wakakivunja miaka nenda rudi mpaka kikafutwa mwaka 1995. Ulaya ile ya ndege, Wajerumani wana barabara ambazo sehemu nyingi hazina kikomo, unashauriwa tu 130. Wataalamu waliopima wanasema ukishusha namba ya kibao kwa kilometa 10 bila kuongeza kingine, magari hupungua mwendo kwa mbili au tatu hivi. Si bure, lakini dereva anaisikiliza zaidi barabara yenyewe: imenyooka, pana, lami safi, basi anakanyaga.

Kinachonitia baridi ni usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya zuio la karibu miaka thelathini. Kwa 50 ya usiku, hifadhi ni saa nzima gizani, na tembo hana taa ya nyuma.

Kutoka Mikumi kwenda Ulaya siku ile ilikuwa vumbi na mashimo. Hakuna kibao, hakuna tochi, na hakuna aliyekimbia. Baiskeli zilitupita! Ulaya Kibaoni nikanunua ndizi kwa bibi mmoja, nikamuuliza kama anaisubiri lami.

"Naisubiri, mjukuu wangu. Ila waje nayo na matuta."

"Mangapi, bibi?"

Akanyoosha mkono. Moja kule shuleni, watoto wanavuka. Moja pale kwenye kona. Na moja hapa hapa mbele ya ndizi zake, maana gari likipunguza mwendo, abiria anachungulia dirishani.

Nikaongeza chane ya pili.