Bukavu: Skrini moja, kompyuta mbili

Tangu uporaji wa Februari 2025, redio moja mjini Bukavu imebaki na skrini moja, kibodi moja na kipanya kimoja kwa kompyuta mbili. Moja inarusha vipindi hewani, nyingine inatengeneza sauti. Kisanduku chenye kitufe kinamhamisha fundi kutoka hii kwenda ile. Ile asiyoiona inaendelea na kazi yake.

Jioni moja alikuwa anakata sauti ya mama aliyekimbia Kavumu, anayetafuta mtoto wake. Akasahau kitufe. Kumbe alisimamisha redio yote. Kimya. Simu zikaita kutoka Kadutu na Bagira: «Wamewafunga?»

Sasa ukutani kuna karatasi: «Angalia uko wapi kabla ya kugusa.» Tangazo la mama lilipita mara tatu.