Miche ya Lumbadzi na Kuni za Dzaleka

Msafiri atokaye Lilongwe, mji uliofanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975 badala ya Zomba, huishika barabara kuu iendayo kaskazini. Baada ya mwendo mfupi hufika Lumbadzi, mji mdogo ulio jirani na uwanja wa ndege wa Kamuzu. Mbele zaidi, katika wilaya ya Dowa, ipo Dzaleka. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika sokoni utadhani ni Uvira.

Mgeni hushangazwa na uchache wa miti. Sababu si siri: ni kuni na mkaa, kwani kila chungu chahitaji moto. Hata msitu wa Dzalanyama, yanakotoka maji ya mto Lilongwe yanywewayo mjini, ulikatwa mno hata askari wa Jeshi la Malawi wakapelekwa kuulinda.

Mvua zinyeshapo, kati ya Desemba na Aprili, wafanyakazi wa mabenki na makampuni hutoka maofisini, wakashika majembe na kupanda miche kwa kujitolea. Miongoni mwa miti ya nchi hiyo ni mbawa, wenye mbao nzuri, na msangu, rafiki wa mkulima. Msangu hupukutisha majani wakati wa mvua, ukarutubisha mahindi bila ya kuyanyima jua. Kiangazi huchipua, ukatoa kivuli.

Kazi hiyo ni njema, lakini ni ya siku moja. Toka Mei hadi Oktoba mvua ni adimu. Wapandaji wamekwisha kurudi mjini. Mche umebaki na jua, mbuzi na moto wa nyika. Aliye karibu nao ni mwenyeji wa kijijini na mkimbizi wa kambini. Naye mkimbizi hujiuliza: kuna faida gani kutunza mti katika nchi ya ugenini? Jibu analo mlangoni pake, kwani wako waliozaliwa Dzaleka ambao sasa ni wazazi. Mti nao ungalikwisha kuwa mkubwa.

Funzo hili si la Malawi peke yake. Katika makambi ya jeshi na kota za polisi pia hupandwa miti kwa ngoma na hotuba. Mchumia juani hulia kivulini. Basi kila nyumba na ijiulize mapema: mwezi wa Septemba, nani atauchotea mche wetu maji?