Siku nzima Grogan, nikisubiri injini ioshwe

Ukiteremka kutoka River Road asubuhi na mapema kuelekea mtoni, pua hutangulia kukuarifu umefika wapi. Harufu ya oili iliyoungua, rangi ya kupulizwa na chapati za moto hukupokea kabla hujasikia nyundo. Hapa ni Kirinyaga Road, jijini Nairobi, lakini ukimtajia utingo jina hilo huenda akakuuliza: "Unamaanisha Grogan?"

Ewart Grogan alikuwa mlowezi Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape Town hadi Cairo, akamaliza safari yake mwaka wa 1900. Historia ya Kenya humkumbuka pia kwa kisa cha 1907, alipowacharaza Wakikuyu viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Barabara ilibadilishwa jina, ila la zamani limeng'ang'ania vinywani mwa watu.

Mimi, hata hivyo, sikwenda huko kutafuta historia. Nilipelekwa na taa nyekundu.

Gari letu tuliachiwa na marehemu baba, nalo ndilo humpeleka mama kliniki ya kisukari kila mwezi. Wiki hiyo taa ya oili ilianza kuwaka kila niliposimama njiani, huku injini ikigonga kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nilipovuta kijiti cha kupimia, oili ilikuwa tele. Sasa shida ilikuwa nini?

Fundi niliyeelekezwa kwake, mtu wa makamo aliyevaa ovaroli isiyojulikana tena rangi yake, hakushika spana. Alifungua kifuniko cha kutilia oili, akaingiza kidole na kunionyesha. Kidole kilitoka na kitu cheusi, kizito kama lami.

"Dada, mara ya mwisho kumwaga oili ilikuwa lini?"

Nilitamani kumdanganya. Kwa miaka 2 nilikuwa nikiongeza tu nusu lita hapa na pale, kwa ushauri wa mhudumu mmoja wa kituo cha petroli. Pesa za kushonesha vitambaa vipya vya viti zilipatikana. Za oili hazikupatikana.

Fundi alinieleza kwamba oili huzeeka. Joto huiunguza, nayo masizi na mvuke wa petroli huichafua. Gari linalokwenda safari fupi fupi, sokoni na kurudi, halipati joto la kutosha kukausha unyevu ulio ndani, na unyevu huo huchangia kuleta tope. Isitoshe, injini ina vali ndogo ya kupumulia. Ikiziba, uchafu wote hubaki ndani. Tope hilo hushuka hadi kwenye sampo na kuziba chujio la pampu. Ndiyo maana oili yaweza kuwa tele chini huku vyuma vya juu vikisagana bila tone.

Kijana wa karakana jirani alituingilia kwa tabasamu. "Mwaga dizeli lita mbili, washa dakika kumi, mwaga yote. Bei ya soda!"

Nakiri nilishawishika, kwa kuwa mfuko wangu ulikuwa mwepesi. Lakini mzee wangu alitikisa kichwa. Dizeli, alisema, hufanya oili iwe nyepesi mno, na beringi huweza kulika katika dakika hizo hizo. Pili, tope lililoganda haliyeyuki lote. Hubanduka vipande vipande na kwenda kuliziba chujio kabisa. Hata dawa za mikebe za kusafishia injini zinafaa gari lenye uchafu kidogo tu. Hutiwa kwenye oili ya zamani injini ikiwa na joto, ikaachwa iungurume pale pale kwa dakika zilizoandikwa kwenye mkebe, kisha oili ikamwagwa na filta ikabadilishwa. Gari haliendeshwi dawa ikiwa ndani.

"Hili lako tutalifungua," akamaliza.

Basi nikakaa kwenye kibanda cha mama mmoja, nikaagiza chapati na maharagwe, nikatazama. Grogan ni shule isiyo na kengele. Huyu anachomelea bomba, yule ananoa vali, na vijana hupita wakiwa wamebeba milango ya magari begani. Mafundi hawa wamefurushwa mara si moja, lakini wangali wanarudi.

Oili ilimwagwa ikiwa bado na joto, kisha sampo ikafunguliwa. Niliitwa nije nione. Chujio, ambalo lafaa kupitisha mwangaza, lilikuwa limezibwa karibu lote. Fundi hakunigombeza. Alisema tu, "Ungekwenda nayo safari ya mbali, ungerudi kwa miguu."

Walikwangua tope kwa mbao, wakasugua sampo, chujio na kifuniko cha tapeti kwa brashi na mafuta taa, wakavikausha kabisa kabla ya kuvirudisha na gasketi mpya. Vali ya kupumulia ilibadilishwa, sawa na filta. Oili mpya ilitiwa, kwa sharti kwamba ikimaliza kilomita 1,000 imwagwe pamoja na filta yake, kwa maana oili nzuri ina sabuni inayoendelea kuosha yaliyobaki polepole.

Oili chafu ilimiminwa kwenye pipa. Mto Nairobi uko hatua chache tu kutoka hapo, na maji yake yanaonyesha kuwa si kila mtu ana pipa. Kanuni za taka za 2006 ziliihesabu oili iliyotumika kuwa taka hatari, nayo haifai kumwagwa mtaroni wala kugusa ngozi kila siku.

Nililipa zaidi ya nilivyopanga, ingawa ni kidogo ukilinganisha na bei ya injini nyingine. Magharibi taa nyekundu ilizimika na haikuwaka tena.

Alhamisi nilimpeleka mama kliniki. Tulipofika kwenye mzunguko wa kwanza alitega sikio, akaniangalia.

"Gari la baba yako limenyamaza," akasema.

Sikumwambia ni mimi niliyekuwa nikililiza.