PWANI YA KUSINI NA MASHINE ZA KULEHEMU VYOMBO

Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwenda nchi ya Kwale kwa njia ya zamani hana budi kuvuka maji ya Likoni. Maji yenyewe si mapana, yapata mita 500 tu, lakini mkulima na magunia yake, karani na mkoba wake, mama na mtoto mgongoni, wote husimama pamoja juu ya sitaha ya chuma. Kivuko kimoja kati ya vile vilivyoletwa kutoka Ujerumani mwaka 2010 kilipewa jina la MV Kwale; MV Jambo kilifika kutoka Uturuki mwaka 2017. Vyombo hivi hushindana kila siku na adui mmoja asiyechoka, nayo ni kutu. Chuma kikaacho katika maji ya chumvi huliwa polepole, na bamba lililoliwa halina dawa ila kukatwa na kulehemiwa jipya mahali pake. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chombo cha baharini, usipoziba ufa huenda usipate hata nafasi ya kujenga.

Kutoka Likoni barabara huelekea kusini, ikapita Waa na Tiwi, ikafika Ukunda na Diani, kisha Gazi, Msambweni na Ramisi, na tawi lake moja huishia Shimoni penye bahari. Katika njia hiyo yote kuna vyombo: vivuko, meli, mashua za mbao, boti za watalii na za wavuvi. Tena kuna mafundi wa kuvitengeneza, na kuna wanunuzi wa vifaa vya mafundi. Makala haya yahusu vifaa hivyo, kwa sababu mashine ifaayo kutengeneza lango la nyumba yaweza kumwua mtu ndani ya meli.

MCHANGA WA MSAMBWENI NA FIMBO ZA KULEHEMU

Kulehemu kwa umeme kulikua pamoja na kazi ya meli. Oscar Kjellberg, mhandisi wa Sweden, alianzisha kampuni ya ESAB katika mji wa bandari wa Gothenburg mwaka 1904, naye akabuni fimbo ya kulehemu iliyopakwa vazi la madini, akitafuta njia bora ya kutengeneza meli na matangi yake ya mvuke. Vazi hilo likiungua hutoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka.

Watu wa Msambweni wana undugu na fimbo hizo, ingawa wengi hawaujui. Tangu mwaka 2013 hadi Desemba 2024 mchanga mzito ulichimbwa katika sehemu za Maumba na Nguluku, ukachujwa, na madini yake yakapakiwa melini pale Likoni. Madini hayo yalikuwa ya aina tatu: ilmenaiti, zirkoni na rutili. Rutili ndiyo madini ambayo ni sehemu kubwa ya vazi la fimbo zitumiwazo sana na mafundi wa nchi hii, zile zenye namba 6013. Fimbo hizi huwaka kwa urahisi. Namba 7018 ni za kazi nzito zaidi, nazo hazivumilii unyevu hata kidogo. Zikilala wazi usiku mmoja katika hewa ya Pwani huvuta maji, na mshono wake waweza kupasuka baadaye. Kwa hiyo anunuaye fimbo hizo na anunue pia sanduku la kuziwekea kavu, na tanuri dogo la kuzipashia moto.

CHUMBA CHA CHUMA

Karakana ya mjini ina sakafu ya saruji na upepo mlangoni. Ndani ya meli mambo ni mengine. Fundi huingia katika tangi au chini ya sitaha akazungukwa na chuma pande zote. Amekikalia, amekiegemea, magoti yake yanakigusa. Jua la Pwani huchoma sitaha juu yake, na jasho hulowesha shati na glavu zake.

Sasa na ieleweke kuwa mashine ya kulehemu ina hesabu mbili za volti. Ya kwanza ni ile ya wakati moto unawaka kati ya fimbo na chuma, nayo ni kama volti 20 hadi 30. Ya pili ni ile ya wakati mashine imewashwa lakini moto hauwaki, kama vile fundi abadilishapo fimbo. Hapo volti hupanda, na kwa mashine nyingi hufika 80. Watu wengi hudhani kuwa hatari iko katika cheche na mwanga mkali. Lakini umeme humvizia fundi wakati ule ambapo hakuna cheche, naye amepumzisha mkono.

Mwili wa mtu aliyelowa jasho, uliogusana na chuma kwa eneo kubwa, waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Volti 80 zikimpata, mili-ampea 80 hupita ndani yake. Swichi za usalama za majumbani hutengenezwa zikate umeme kwa mili-ampea 30, maana zaidi ya hapo moyo umo hatarini. Wala mtu asijifariji kwa kusema kuwa swichi hiyo ipo ukutani. Haiwezi kuona umeme wa upande wa fimbo, kwa sababu transfoma iliyo ndani ya mashine imetenga pande hizo mbili.

Jambo la pili ni aina ya umeme. Umeme wa kwenda na kurudi, ambao ndio wa majumbani, huwa na madhara kwa moyo na misuli kuliko umeme uendao njia moja, hata volti zikiwa sawa. Ndiyo sababu kanuni za Uingereza za kazi salama kwa mabaharia wa meli za biashara hutaka mashine ya umeme wa njia moja, isiyozidi volti 70 wakati moto hauwaki. Ikiwa hapana budi kutumia umeme wa kwenda na kurudi, basi mashine iwe na kifaa cha kushusha volti hizo zisizidi 25 mara moto uzimikapo. Zile transfoma nzito za kienyeji zinazoonekana kando ya barabara, ambazo hazina kifaa hicho wala kibandiko cha kusomwa, zibaki nchi kavu.

KIBANDIKO CHA MASHINE

Ukunda ni mji wa maduka, na mnunuzi aendaye kutafuta mashine ya kulehemu kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei, na ampea ngapi. Maswali hayo ni mema lakini hayatoshi. Na aigeuze mashine, asome kibandiko kilicho nyuma au ubavuni.

Kwanza, atafute volti za wakati moto hauwaki. Huandikwa kwa herufi U yenye sifuri ndogo chini yake. Mashine ndogo za kisasa ziitwazo inveta hutoa umeme wa njia moja, na hilo ni jema. Lakini baadhi yake hupita volti 70, kwa hiyo isidhaniwe kuwa kila inveta yafaa kwa meli.

Pili, atafute herufi S iliyo peke yake ndani ya kisanduku. Kwa kanuni za kimataifa, alama hiyo maana yake ni kwamba mashine imetengenezwa kwa mahali penye hatari zaidi ya umeme, kama vyumba vya chuma na mahali pa maji. Hapa pana mtego. Mashine nyingi za bei nafuu huandikwa IP21S, na wako wauzaji na wanunuzi wanaoionyesha S hiyo kana kwamba ndiyo ile. Siyo. S iliyo mwisho wa IP21S yahusu tu namna mashine ilivyopimwa kwa maji, yaani feni yake ikiwa imesimama. Haisemi neno lolote juu ya usalama wa fundi ndani ya tangi.

Tatu, atazame hizo namba za IP. Namba 21 ni ya mashine ya ndani ya nyumba, isiyostahimili ila matone yaangukayo wima. Namba 23 hustahimili mvua inyeshayo kwa mshazari. Kazi ya sitahani yataka 23, na hata hiyo haikingi mawimbi.

Nne, asome muda wa kazi. Mashine yaweza kuandikwa ampea 200 kwa maandishi makubwa, na chini yake kwa madogo asilimia 20. Maana yake ni kwamba katika kila dakika kumi itafanya kazi mbili na kupumzika nane. Tena vipimo hivyo hufanywa katika joto la nyuzi 40. Chini ya sitaha lililopigwa na jua joto laweza kuzidi hapo. Kwa kazi ya kila siku na iangaliwe ampea iliyoandikwa kwa asilimia 60.

WAYA WA KURUDI

Watu huchagua mashine kwa uangalifu, kisha wakasahau waya. Umeme uendao kwa fundi sharti urudi mashineni, na ukinyimwa njia utajitafutia. Waya wa kurudi uwe wa unene uleule wa waya wa kwenda. Kwa ampea 200 hutumika mara nyingi shaba ya milimita za mraba 35, na umbali ukizidi, 50. Koleo lake lifungwe juu ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa, karibu kabisa na mahali pa kazi.

Kosa kubwa ni kuiweka mashine gatini na kufunga koleo kwenye chuma cha gati, huku fundi akilehemu ndani ya chombo kinachoelea. Hapo umeme hurudi kwa kupitia majini na katika minyororo ya kufungia chombo. Umeme huo waweza kula bamba za chombo na kuharibu parafujo na vibebeo vya mhimili wake. Mwenye chombo atakuwa ameziba tundu moja na kuanzisha mengine.

Mshikio wa fimbo nao uwe umefunikwa wote, pamoja na meno yake, pasiwepo shaba iliyo wazi. Uliopasuka hautengenezwi kwa utepe, hutupwa.

GAZI, MSAMBWENI NA SHIMONI

Huko Gazi na Msambweni vyombo vingi ni vya mbao au vya fiba, navyo havilehemiwi. Kinacholehemiwa ni chuma chake, kama usukani, mabano ya injini au nanga. Kwa vyombo hivi sheria ni fupi: kifunguliwe kifaa, kiletwe ufuoni, kilehemiwe mchangani mbali na mafuta. Ndani ya mashua maji ya chini huchanganyika na dizeli, na cheche moja yatosha. Ikiwa kifaa hakifunguki, basi mafuta yaondolewe, mbao zilowekwe maji, na nyaya za betri zifunguliwe ili mitambo ya umeme isiungue.

Shimoni, ambako boti za kwenda Wasini na Kisite hutia nanga, kazi mara nyingi hufanywa kwa jenereta. Jenereta ya kVA 3 haiwezi kubeba mashine ya ampea 200 ifanyayo kazi kamili; yatakiwa kama kVA 7 au 8. Wala jenereta isiwekwe chini ya sitaha, maana moshi wake huua kimya kimya.

Juu ya moto, dunia ina funzo kubwa. Tarehe 9 Februari 1942 meli kubwa ya Kifaransa, Normandie, ilikuwa gatini New York ikigeuzwa kuwa meli ya askari. Cheche za fundi aliyekuwa akikata chuma ziliangukia rundo la maboya ya kujiokolea. Meli iliwaka, ikajazwa maji ya kuzimia moto, na mwisho ikalala ubavu. Kwa hiyo pawepo mtu wa kutazama moto, mwenye maji au mtungi, naye abaki pale kwa muda wa nusu saa walau baada ya kazi. Atazame pia upande wa pili wa ukuta wa chuma, kwa sababu joto hupita. Na tangi lolote halifai kuingiwa mpaka limesafishwa na hewa yake imepimwa: oksijeni iwe karibu asilimia 21, na mvuke wa mafuta usiwepo.

KALAMU YA KARANI

Fundi mara nyingi hachagui mashine yake. Huichagua karani aandikaye oda, au kamati ya kikundi cha wavuvi, au baba anayeuza mbuzi wawili ili mwanawe aliyetoka chuo cha ufundi apate kuanza kazi. Watu hawa hawataingia ndani ya tangi, lakini kalamu zao na fedha zao huingia pamoja na fundi.

Basi katika oda isiandikwe tu "mashine ya kulehemu, moja." Yaandikwe haya: umeme wa njia moja, volti zisizozidi 70 wakati moto hauwaki, au kifaa cha kuzishusha, alama ya S katika kisanduku, IP23, ampea kwa asilimia 60, waya mbili za shaba za unene mmoja, mshikio uliofunikwa wote. Yaongezwe glavu za ngozi jozi mbili, ili moja ikauke wakati nyingine inatumika, ubao mkavu au mkeka wa mpira wa kukalia, na kipima volti cha kuhakikishia kila asubuhi kuwa kifaa cha kushusha volti kinafanya kazi. Mwisho, na uwekwe mshahara wa msaidizi asimamaye karibu na swichi, macho yake kwa mwenzake, asiondoke hata kwa chai. Gharama zote hizi zikijumlishwa si ndogo. Lakini msaidizi akate umeme kwa wakati, na fundi atarudi kwake Tiwi au Msambweni jioni kwa miguu yake mwenyewe.